Laptopu yako haitaki kasi zaidi, yataka hewa

Ijumaa moja ya mwezi wa Februari, baada ya sala ya isha, mtoto wa marehemu kaka yangu alinijia nyumbani na begi mgongoni na uso wa mtu aliyefiwa. Ndani ya begi mlikuwa na laptopu yake ya gemu, aliyoinunua ikiwa imeshatumika kwa shilingi 95,000 baada ya kuweka akiba ya kazi za harusi kwa miezi tisa. Hakuja kuomba pesa. Alikuja kuomba shahidi. Kesho yake asubuhi alikuwa na miadi na mfanyabiashara aliyekubali kuichukua kwa 40,000, na mamake alimkataza kuuza kitu cha thamani hiyo bila ya mtu mzima kuwapo.

"Ami, hii mashine imeshakufa," aliniambia. "Yazima yenyewe. Fundi asema ni madabodi, ataka elfu 28 na hanipi hakika kwamba itapona."

Nilimtilia chai nikamwacha aseme yote. Kijana huyu kazi yake ni kupiga na kuhariri video za harusi. Jioni akimaliza hucheza gemu la mpira na wenzake. Kwa hiyo mashine ni moja, lakini ni mkate wake na ni burudani yake. Alikuwa anadaiwa harusi mbili, moja ya siku ya Alhamisi, na malipo ya kwanza yalikuwa yameshaliwa. Kila akianza kutoa video iliyokamilika, baada ya dakika ishirini hivi mashine inakuwa nzito, feni zinalia kama ndege inayotaka kuruka, halafu skrini inakuwa nyeusi. Na gemu ni vilevile: dakika kumi za kwanza raha, kisha wachezaji wanaanza kutembea kama wako ndani ya asali.

Nawajua wazee wenzangu watakaoniuliza mtu wa miaka arubaini na kitu ana shughuli gani na magemu. Wataona huko mbele. Ila tangu siku ile nimeulizwa jambo hilihili na vijana watatu wengine, na mmoja wao alikuwa ameshauza yake kwa bei ya kutupa. Ndiyo maana naliandika.

Swali langu la kwanza halikuwa la kompyuta. Nilimuuliza: waiweka wapi ukiitumia? Akasema kitandani. Saa ngapi? Mchana, kwa sababu usiku yuko kwenye kumbi za harusi. Chumba chake ni cha ghorofa ya juu, chini ya bati, dirisha moja. Msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu hahitaji kuelezwa chumba cha namna hiyo kikoje msimu wa kaskazi saa nane mchana.

Hapo ndipo mambo mengi ya hizi mashine yalipo. Feni ya laptopu haitengenezi baridi. Kazi yake ni kuvuta hewa iliyomo chumbani na kuipitisha kwenye vipande vyembamba vya shaba vilivyobeba joto la prosesa, kisha kuitoa nje. Kama chumba kina nyuzi 22, hewa inayoingia ni ya nyuzi 22. Kama chumba kina nyuzi 32, umeshaanza safari ukiwa umechelewa kwa nyuzi kumi, na takriban nyuzi kumi hizo utazikuta zimeongezeka juu ya prosesa. Hao vijana wa YouTube wanaokuonyesha vipimo vyao wamekaa kwenye nchi ya baridi au chini ya kiyoyozi. Mashine ileile, programu ileile, ikifika Pwani ni habari nyingine. Na ukiilaza juu ya godoro, matundu ya chini yanayovuta hewa yanazibwa na shuka, basi hata hiyo hewa moto haipati.

Nilifungua laptopu nikaweka programu ya bure iitwayo HWiNFO, ambayo kazi yake ni kusoma vipimo vilivyomo ndani ya mashine. Prosesa yake ni Core i7 ya kizazi cha kumi, yenye viini sita. Kasi yake ya kawaida ni gigahezi 2.6, na Intel wanaruhusu ipande mpaka 5.0 kwa muda mfupi hali ikiruhusu. Tukaanzisha kazi ya kutoa video. Dakika ya kwanza ilikimbia kwa zaidi ya 4. Dakika ya tatu kipimo cha joto kilisoma nyuzi 100, na kasi ikaporomoka chini ya 2. Ikapanda tena, ikaporomoka tena. Nyuzi 100 ndiyo mpaka wa prosesa hiyo. Ikifika hapo inajikata kasi yenyewe isiungue, na joto likizidi kupanda mashine inajizima. Si ugonjwa. Ni kinga iliyowekwa na waliyoitengeneza.

Kwa hiyo madabodi haikuwa imekufa. Iliyokuwa imekufa ni pumzi.

Kesho yake asubuhi tulimpigia simu yule mfanyabiashara tukamwambia asubiri. Tukaifungua. Kwanza tulizima, tukachomoa chaja, na baada ya kufungua kifuniko cha chini tukachomoa waya wa betri kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Baina ya feni na vile vipande vya shaba tulikuta kitu kama kipande cha zulia: vumbi, nyuzi za pamba za godoro, na weusi fulani wa mafuta ambao nadhani asili yake ni moshi wa udi wa mamake. Sikumwambia shemeji hilo, na naomba msimwambie. Lile zulia lilitoka zima kwa kibanio. Vumbi lililobaki tulilipuliza, huku tumeishika feni kwa kidole isizunguke, kwa sababu ukiipulizia hewa kwa nguvu ikazunguka kupita kiasi waweza kuiharibu.

Kisha pesti ya joto. Hii ni dawa nzito inayopakwa baina ya prosesa na shaba, kujaza mianya midogo isiyoonekana kwa jicho. Ya mashine hii ilikuwa imekauka ikawa kama chokaa ya ukuta wa zamani. Tuliisafisha kwa spiriti, tukapaka mpya kidogo tu, tukafunga skrubu kwa mpangilio wa namba zilizoandikwa kando yake, kila moja kidogo kidogo. Pesti na spiriti vilitugharimu chini ya shilingi elfu mbili. Ukikuta fundi anayetaja elfu 28 kabla hajafungua kifuniko, muage kwa adabu uende zako.

Tukaiweka mezani, nyuma tumeinyanyua kwa vifuniko viwili vya chupa za soda. Usicheke. Kile kimo kidogo kinaipa feni nafasi ya kuvuta hewa, nacho ni cha bure. Yale mabao yenye feni zinazowaka taa za rangi husaidia pia, ila si kwa kadiri ya bei yake.

Tulipoipima tena, nyuzi 100 zilikuwa 92. Afadhali, lakini kelele ilikuwa ileile, na mchana bado ulikuwa haujafika. Kijana akaniuliza sasa tufanyeje ili iende kasi zaidi. Nikamwambia sasa tuipunguze kasi. Aliniangalia kama niliyepotewa na akili. Na hapo, wallahi, nikamsikia babake.

Mwaka 1992 nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kaka yangu alikuwa karani katika kampuni moja ndogo ya kutoa mizigo bandarini. Kampuni ilikuwa na kompyuta moja, 386, ndani ya chumba chenye zulia na kiyoyozi. Wafanyakazi walikuwa wakitokwa na jasho nje, kompyuta inapulizwa baridi. Kuingia mle lazima uvue viatu, kama unaingia msikitini. Na kwa hakika prosesa ya 386 ilikuwa inakula wati chache tu, wala haikuwa na feni juu yake. Ile i7 ya mwanawe imepimwa kwa wati 45 na hupita hapo ikiachiwa, na ndiyo iliyolazwa kwenye godoro chini ya bati. Dunia imegeuka.

Jumamosi alasiri ofisi ikifungwa, kaka alikuwa akinichukua. Alikuwa na disketi tatu au nne zilizopita mikono ya watu wengi, na moja ilikuwa na Prince of Persia. Vijana wa leo wakiiona watacheka: mtu mdogo mwenye nguo nyeupe anakimbia ndani ya gereza la mawe, sauti ni ya spika ndogo ya kompyuta inayolia pi pi pi, na una dakika 60 tu kumwokoa binti wa mfalme. Lakini sisi hatukuwa tumewahi kuona mtu anayekwenda vile ndani ya kompyuta. Anakimbia, anateleza kidogo akitaka kusimama, anarukia ukingo anaushika kwa vidole, anajivuta juu kwa tabu. Alikuwa na uzito. Akianguka shimoni, tumbo lako wewe ndilo linaloshtuka.

Miaka mingi baadaye nilijua sababu. Mtengenezaji wake, Jordan Mechner, Mmarekani, mwaka 1985 alimvisha mdogo wake David nguo nyeupe, akampeleka kwenye uwanja wa kuegesha magari, akamrekodi kwa kamera ya video akikimbia na kuruka. Kisha akaifuata ile picha hatua kwa hatua, akaichora kwenye kompyuta ya Apple II. Gemu lilitoka mwaka 1989, na mwaka uliofuata likaja kwa kompyuta kama ile ya ofisini. Kwa hiyo yule tuliyekuwa tukimrusha juu ya miiba alikuwa mdogo wa mtu. Nilipolijua hilo kaka alikuwa yu hai bado, nikamwambia, akacheka akasema basi angalau yeye mdogo wake hakumrusha kwenye miiba.

Sasa nije kwenye kasi. Mbele ya ile kompyuta kulikuwa na kitufe kimeandikwa Turbo, na kando yake taa nyekundu zikionyesha namba 33. Ukikibonyeza, namba inakuwa 16. Mimi kwa utoto wangu nilidhani 33 ndiyo nzuri siku zote. Siku moja tulifungua gemu la magari, la zamani kuliko Prince, na gari likaingia ukutani kabla sijaweka kidole. Nikajaribu tena, ukutani. Kaka akanyoosha mkono akabonyeza kile kitufe, kompyuta ikapungua kasi, na gari likawa linaendeshwa na binadamu.

Sababu ni kwamba kompyuta ya kwanza ya IBM PC, ya mwaka 1981, ilikuwa na prosesa ya megahezi 4.77. Waandishi wengi wa magemu ya wakati ule hawakupima muda kwa saa. Walipima kwa kasi ya prosesa yenyewe: hesabu mpaka namba fulani, halafu sogeza gari. Zilipokuja kompyuta za kasi mara kadhaa, hesabu ikawa inaisha mara moja na gemu linakimbia kama limeibiwa. Hata Wing Commander ya mwaka 1990, lililokuwa gemu kubwa la wakati wake, liliharibika hivyohivyo kwenye mashine za baadaye. Basi watengenezaji wa kompyuta wakaweka kitufe cha kupunguza kasi, na kwa kuwa hakuna mfanyabiashara atakayeandika "Polepole" juu ya bidhaa yake, wakakiita Turbo. Zile namba nyekundu nazo hazikuwa zikipima chochote. Zilikuwa zimepangwa kwa vipini vidogo nyuma ya taa, mtu angetaka zionyeshe 99 zingeonyesha 99.

Kazi nyingine ya Jumamosi ilikuwa kutafuta kumbukumbu. Kompyuta ile ilikuwa na megabaiti 2, lakini programu za DOS zilikuwa zinagombania kilobaiti 640 za mwanzo, na kila kitu kilichopakiwa mashine inapowaka kilizila kidogo. Gemu likisema nafasi haitoshi, unafungua faili mbili, CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT, unatoa mstari mmoja hapa, mwingine pale, unawasha upya, unajaribu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kurekebisha mashine ya gemu enzi zetu. Vijana wanaojisifu leo kwa kusogeza vitelezi kwenye skrini yenye rangi wangetusalimu kwa shikamoo.

Jumamosi moja nilitoa mstari nisioujua. Gemu likafunguka, tukafurahi, tukasahau kuurudisha. Jumatatu asubuhi programu ya hesabu za ofisi ikakataa kuwaka, na siku hiyo kulikuwa na mizigo inayosubiri karatasi. Kaka aliitwa na mwenye kampuni. Hakunitaja. Alikatwa mshahara wa siku tatu, na mimi nilijua baada ya mwezi, kwa mamangu. Aliporudi kunichukua Jumamosi iliyofuata alikuwa na daftari. Kuanzia siku ile, kabla hatujagusa faili yoyote tuliandika kwanza ilivyokuwa. Nimepata diploma ya kompyuta baadaye, miaka miwili ya madarasa, na sikumbuki mwalimu aliyenifunza kitu chenye manufaa kuliko lile daftari.

Kwa hiyo kabla sijagusa mpangilio wowote kwenye laptopu ya kijana, nilimwambia apige picha kila ukurasa kwa simu yake. Nawe fanya hivyo.

Neno Turbo lilirudi mwaka 2008, Intel walipotoa Core i7 za kwanza zikiwa na kile wanachokiita Turbo Boost. Safari hii ni kitu cha kweli: prosesa inajipandisha juu ya kasi yake ya kawaida kama ina nafasi ya umeme na joto. Kwenye kompyuta kubwa ya mezani yenye feni nene ni neema. Kwenye laptopu nyembamba iliyoko Pwani huwa inafanana na mtu anayekimbia mbio za mita mia katika safari ya kwenda Kilifi kwa miguu. Anatimua vumbi, anazimia, anazinduka, anatimua tena.

Njia rahisi kabisa ya kuuzima ni ndani ya Windows yenyewe. Fungua mipangilio ya umeme, ingia kwenye ile ya kina, tafuta usimamizi wa prosesa, na kile kiwango cha juu kinachosoma asilimia 100 ukiweke 99. Ni asilimia moja tu kwa maandishi, lakini maana yake prosesa ya Intel hairuhusiwi kupanda juu ya kasi yake ya kawaida. Tulifanya hivyo. Joto lilishuka kutoka 92 mpaka 73, na feni zikanyamaza kiasi cha kusikia muadhini wa adhuhuri.

Kijana alikuwa na wasiwasi na kasi. Tukatoa video ya harusi, ile ya Alhamisi, yenye urefu wa saa moja na robo. Ikaisha yote bila ya kuzimika, kwa mara ya kwanza katika wiki tatu. Kwenye gemu la mpira, lile lililoitwa FIFA mpaka toleo la mwisho la mwaka 2022 na sasa linaitwa EA Sports FC, hakuona tofauti isipokuwa kwamba dakika ya 80 ilikuwa sawa na dakika ya 5.

Hata hivyo 99 ni shoka, si kisu. Gigahezi 2.6 ni kidogo kwa mashine ya namna ile, na magemu mengine yanayotegemea prosesa sana yatalalamika. Usiku tulirudisha 100 na kutumia programu ya bure iitwayo ThrottleStop, inayokuwezesha kuweka kikomo unachokitaka wewe. Tulijaribu 4.0, ikawa moto. Tulijaribu 3.8. Tukaishia 3.6, nyuzi 82 mchana wa saa nane chumbani kwake, ikiwa mezani. Nasisitiza mchana na chumbani kwake, kwa sababu kuipima mashine usiku sebuleni kwangu chini ya feni ya dari ni kujidanganya.

Kuna njia nyingine, ya kupunguza volti. Kwa kasi ileile, umeme unaotumika hufuata mraba wa volti, kwa hiyo ukipunguza volti kwa asilimia 10 tu, umeme unashuka kwa karibu asilimia 19, na joto nalo. Kiwandani volti huwekwa juu kidogo ili hata kipande dhaifu kabisa kifanye kazi, basi kilicho bora kina nafasi ya kupunguziwa. Kwa prosesa nyingi za Intel mlango huo umefungwa. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba mtu mbaya aweza kuchezea volti ili kuvunja ulinzi wa data ndani ya prosesa, shambulio walilolipa jina la Plundervolt, na tangu hapo watengenezaji wa laptopu wengi walizuia kupitia masasisho ya BIOS. Ya kijana wetu imezuiwa. Kuna watu wanaokufundisha kurudisha BIOS ya zamani ili ufungue. Mimi sikufundishi. Stima ikikatika katikati ya kazi hiyo, na kwetu stima hukatika, hapo ndipo utakapomhitaji kweli fundi wa madabodi.

Kadi ya picha ni tofauti, kwayo mlango uko wazi. Yake ni RTX 3060. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: kwenye laptopu, jina RTX 3060 limewekwa kwa kadi zinazoruhusiwa kula wati 60 na kwa zile zinazoruhusiwa kula 115. Jina moja, nguvu mbalimbali kabisa. Ukienda kununua, uliza wati, usiulize jina tu. Kwa programu ya MSI Afterburner tuliipangia isipite megahezi 1,700 kwa volti 0.8, tukaiacha icheze saa mbili kuona kama itakwama. Haikukwama. Yako yaweza kukwama hapo, kwa hiyo uende kwa hatua ndogo. Ikizidiwa, gemu litajifunga au skrini itaganda, utawasha upya na kupandisha volti kidogo.

Halafu fremu. Skrini yake huonyesha picha 144 kwa sekunde. Ukiliachia gemu bila mpaka, hata kwenye ukurasa wa kuchagua timu, pale ambapo hakuna kinachosogea, kadi inaweza kuchora picha mia kadhaa kwa sekunde, kila moja ikilipiwa kwa joto, na macho hayazioni. Tuliweka kikomo cha 60 kwa mpira, na 90 kwa magemu mengine. Hiki ndicho kitufe cha Turbo cha leo, na ni kitu cha kwanza ambacho ningekiweka kama ningeruhusiwa kimoja tu baada ya kusafisha.

Mengine nayapitia mbio. Alikuwa na kipande kimoja cha kumbukumbu cha gigabaiti 16 na tundu la pili tupu. Vipande viwili vinavyolingana hufanya kazi pamoja na huongeza kasi kwenye gemu, kwa hiyo pesa ya harusi ya pili niliishauri iende huko. Betri tumeiwekea isijae zaidi ya asilimia 80, maana mashine hukaa kwenye umeme siku nzima, na betri inayokaa imejaa mahali pa moto huchoka haraka. Chaja iwe yake ya asili yenye wati zake kamili. Zile programu zinazoahidi kuipa mashine nguvu mpya kwa kubonyeza mara moja, zitoe zote. Na kijana mmoja aliyeniambia kwamba huiweka laptopu kwenye friji kwa robo saa kabla ya mashindano, namwomba hadharani aache. Hewa yetu imejaa unyevu. Kitu baridi kikitolewa nje kinatoa jasho kama chupa ya soda, na jasho hilo litakuwa ndani, juu ya umeme.

Wanaokaa karibu kabisa na bahari, upepo wa chumvi huleta kutu hata kwenye vile vipande vya ndani. Usiiache wazi mbele ya dirisha linaloitazama bahari usiku kucha. Isafishe kila baada ya miezi sita. Kwengine wanasema mwaka, ila wao hawana kaskazi.

Harusi ya Alhamisi ilifika Jumatano. Yule mfanyabiashara alipiga simu mara mbili, ya pili amepandisha mpaka 50,000, jambo lililonifunza kwamba naye alijua kilichokuwa kinaiua.

Ijumaa iliyofuata kijana alikuja tena, safari hii na mahamri. Alitaka kuliona lile gemu la babake. Tukaweka DOSBox, programu ya bure inayojifanya kompyuta ya zamani ndani ya mpya, na kitu cha kwanza inachofanya ni kuipunguza kasi i7 yake mpaka iwe kama 386. Alicheka sana. Kipimo cha joto kilisoma nyuzi 51.

Alikufa mara tisa kwenye hatua ya kwanza, mara nne kwa miiba ileile. Hakuamini kwamba mtu aweza kufa mara nyingi vile bila ya gemu kumpa maelekezo. Karibu na saa nne za usiku alifika hatua ya tatu, penye mifupa inayoinuka sakafuni na kushika upanga. Akaipiga, haikufa. Akaipiga tena. Akanigeukia akidhani DOSBox imeharibika.

Nikamwambia ile haifi kwa upanga. Isukume nyuma mpaka ukingoni, ianguke yenyewe. Akaniuliza nimejuaje, na kama niliisoma mahali. Nikamwambia niliambiwa na babake, ofisini, bila viatu.

Aliisukuma.